Mafuta ya nazi ukiwa Moshi: namna ya kuyakamua, kuyanunua na kuyatumia bila kudanganywa

Kila mwaka kuanzia Juni, Moshi ikishafunikwa na mawingu na watu wakatoa masweta, wauza mafuta ya nazi hupata kesi ileile: mteja amerudisha chupa, anadai mafuta yameharibika kwa sababu yameganda. Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa mjini huwa kwenye nyuzi 15 au 16, wala usiwazungumzie walio juu Kibosho, Machame na Marangu. Aliyeko Tanga anaweza kumaliza chupa nzima bila kuyaona yakiganda. Arusha yanaganda hata Mei.

Niseme msimamo wangu mapema ili usipoteze muda kama unatafuta kingine. Kwa nywele na ngozi, mafuta haya ni mazuri na yana ushahidi. Jikoni ni kiungo kitamu cha kutumia kwa kiasi. Dawa ya kisukari, ya presha, ya kitambi au ya kusahausahau, kama yanavyotangazwa kwenye simu zetu kila siku, siyo.

Kilichomo ndani ya chupa

Chupa ya mafuta ya nazi ni mafuta matupu. Madini hakuna, vitamini karibu hakuna, ukiacha vitamini E kidogo sana. Kinachoyatofautisha na alizeti ya Singida ni aina ya mafuta yenyewe: zaidi ya asilimia 80 ni yale ambayo wataalamu wa lishe huyaita mafuta yaliyoshiba, yaani yanayoganda. Samli ina kama asilimia 60, mawese kama 50, alizeti haizidi 12 hivi. Watu wengi hushtuka kusikia kwamba nazi inaipita samli, kwa kuwa tumezoea kudhani kila kitokacho kwenye mti ni chepesi.

Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki. Ukiielewa hiyo moja, mambo mengine yanajieleza. Ndiyo inayoyagandisha kwenye baridi. Ndiyo inayopenya kwenye unywele. Kwenye maabara huua bakteria kadhaa, na hapo ndipo uvumi wa "inaua virusi" ulipoanzia, ingawa kuua kijidudu kwenye kisahani cha maabara na kumponya mtu aliyekunywa kijiko ni mambo mawili tofauti. Na ndiyo hiyohiyo inayopandisha kolesteroli.

Kukamua mwenyewe: kuchagua nazi

Hatuna minazi hapa mlimani. Nazi zinakuja kwa lori kutoka Tanga na Pangani, zikipitia Segera, Korogwe na Same, na mpaka zifike soko la Mbuyuni zimeshakaa siku kadhaa. Kwa hiyo uchaguzi ndio nusu ya kazi.

Tafuta nazi kavu, nzito kuliko inavyoonekana kwa macho. Itikise sikioni: maji yasikike yakicheza. Isiyolia kabisa huenda imepasuka na maji yamevuja. Angalia macho yake matatu, yawe makavu, bila ukungu na bila unyevu. Koroma haifai, haijawa na mafuta ya kutosha, na iliyoanza kuchipua ndani ina joya ambalo limeshakula sehemu ya mafuta. Ukimwambia muuzaji, "Shikamoo mama, naomba unichagulie za kukamua mafuta, siyo za wali," atakuchagulia tofauti, kwa sababu ya wali inaweza kuwa changa kidogo na hakuna atakayelalamika.

Nazi 10 za wastani hutoa kama nusu lita, ukikamua kwa bidii hupata zaidi kidogo. Anayekuuzia lita nzima kwa bei ya nazi tatu, jiulize amekamua nini.

Kukuna na kukamua tui

Vunja nazi mojamoja na unuse kila moja kabla ya kuichanganya na nyingine. Yenye rangi ya njano au waridi, utelezi, au harufu ya sabuni, tupa. Usijaribu kukata kipande kibovu na kuokoa kilichobaki, kwa sababu nyama ya nazi iliyoota ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Kuna kwa mbuzi, au kata vipande vidogo usage kwenye blenda kwa maji ya uvuguvugu. Ukitaka mafuta meupe, usifike kwenye ngozi ya kahawia. Maji yawe ya vuguvugu, ambayo mkono unastahimili bila shida. Kikombe kimoja kwa nazi moja kinatosha. Kanda kwa dakika chache, kisha kamua kwa kifumbu au kwa kitambaa safi cha pamba. Rudia mara ya pili kwa maji machache zaidi. Mara ya tatu ni kujichosha. Machicha wape kuku.

Sasa usikimbilie motoni. Acha tui litulie usiku kucha kwenye chombo kirefu. Tui zito litapanda juu, maji yatabaki chini. Hapa ndipo baridi ya Moshi inapokuwa rafiki: asubuhi utakuta lile zito limeshikamana juu, unalichota kwa kijiko, na yale maji unayamwaga. Umeokoa gesi au mkaa wa saa nzima ambao ungeutumia kuyachemsha mpaka yaishe. Kipindi cha joto, Januari hadi Machi, tumia friji, maana tui likilala nje huanza kuchacha.

Njia ya moto

Weka tui zito kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, moto mdogo, mwiko wa mbao mkononi. Mwanzoni litatoa povu, kisha litakuwa zito kama uji, kisha litakatika, na utaona mafuta yanachungulia pembeni. Mpaka hapo huna hatari kubwa, kwa sababu maji yaliyomo yanazuia joto lisipande sana. Hatari inaanza maji yakiisha. Joto hupanda ghafla, na chembe nyeupe zilizobaki hugeuka dhahabu, kisha kahawia, kisha nyeusi ndani ya muda mfupi sana. Usiondoke jikoni wakati huo, hata mtoto akikuita.

Sikiliza sufuria. Ikiwa bado inatatarika, maji yapo. Ikinyamaza na chembe zikiwa rangi ya dhahabu, epua. Acha yapoe, chuja kwa kitambaa kikavu, yaache yatulie tena mpaka kesho, halafu mimina taratibu kwenye chupa ukiacha mashapo chini.

Kuna jaribio dogo la kujua kama maji yameisha kweli: pasha kijiko kimoja cha mafuta hayo. Yakipiga kelele na kurusha, rudisha yote motoni. Maji kidogo yaliyobaki ndiyo huyafanya yachache mapema.

Njia ya baridi

Hii ndiyo inayotoa mafuta meupe yenye harufu laini, yale yanayouzwa ghali kwa jina la "bikira". Tui zito haulipiki. Unaliweka kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko usiobana, mahali penye joto, kwa saa 24 hadi 36. Vijidudu vya asili huvunja kile kinachoshikilia mafuta na maji pamoja, na matabaka hujitenga: maji chini, mafuta juu yake, na vipande vyeupe vya mtindi wake. Unachota mafuta, unachuja mara mbili, basi.

Tatizo ni kwamba maelezo mengi ya njia hii yameandikwa na watu wa Pwani. Inataka joto la nyuzi 30 na kitu. Ukiifanya Julai pale Shanty Town au Njiro, tui litakaa siku mbili bila kujitenga, mafuta yenyewe yatakuwa yameganda katikati ya mtindi, na mwisho utapata harufu mbaya. Ifanye Februari. Ukilazimika kuifanya kipindi cha baridi, viringisha chombo kwa blanketi na ukiweke karibu na jiko linalotumika siku nzima. Harufu ya uchachu mwepesi ni ya kawaida. Harufu ya kuoza, mwaga.

Je, hii ya baridi ni bora kiafya kuliko ya moto? Kwa harufu na kwa ngozi nyororo, naipenda zaidi. Kwa moyo wako hakuna tofauti ya maana, mafuta yaliyoshiba ni yaleyale.

Hifadhi yote mawili kwenye chupa kavu kabisa, gizani. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara hakuyadhuru. Kijiko chenye maji kinayadhuru. Kuyeyusha, tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, usiiweke kwenye jiko.

Ukinunua

Soma maandishi madogo. Jina la mafuta halisi kwenye orodha ya viambato ni Cocos nucifera. Ukikuta neno la kwanza ni Paraffinum liquidum, umenunua mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, yaliyosafishwa na kutiwa harufu ya nazi. Ngozi hayaidhuru, ila usiyale na usilipie bei ya nazi. Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya TFDA.

Halafu tumia friji. Mafuta halisi yataganda yote kwa pamoja, meupe. Yakigawanyika, nusu imeganda na nusu inatiririka, yamechanganywa na mafuta mengine. Jaribio hili halimkamati kila tapeli, kwa sababu yapo mafuta mengine ya bei rahisi yanayoganda vilevile, kwa hiyo pua nayo ifanye kazi.

Nywele

Hapa ndipo mafuta ya nazi yanapong'ara. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, zikiwa nzima au zimeharibika. Sababu ni ile asidi ya lauriki: molekuli yake ni ndogo na imenyooka, inapita ndani ya unywele, wakati nyingine zinabaki juu zikimeremeta.

Kwa kuwa faida iko ndani ya unywele, yapake kabla ya kuosha, si baada yake tu. Gawa nywele mafungu, chukua mafuta ya kulowesha viganja, pitisha kutoka katikati ya unywele hadi ncha, kwa kuwa ncha ndizo kuukuu zaidi. Acha saa chache, au lala nayo umefunga kitambaa, kisha osha kwa shampuu. Nywele zenye dawa na nywele unazotaka kufumua kutoka kwenye misuko ndizo zinazofaidika zaidi, maana hukatika wakati wa kuoshwa. Hayaoteshi nywele mpya. Yanapunguza kukatika, na nywele zisizokatika hurefuka.

Angalizo ambalo wauzaji hawalisemi: ukiwa na mba, usiyaache kwenye ngozi ya kichwa. Mba mwingi unahusiana na fangasi anayeishi kwenye ngozi zetu sote, na fangasi huyo hula asidi za mafuta za aina hiihii. Utaona unga umepotea siku mbili kwa sababu umeloweshwa, kisha unarudi zaidi. Na mapunye ya watoto wa shule hayatibiki kwa mafuta yoyote ya kupaka. Yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, la sivyo mtoto atawaambukiza wenzake darasa zima huku kichwa kikinukia nazi.

Ngozi

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasiondoke. Kwa hiyo yapake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukijifuta mpaka ukakauka ndipo upake, umefungia ukavu ndani. Kiasi cha punje ya karanga kinatosha mkono mzima. Yakiganda, yasugue viganjani kwanza, joto la mwili linayayeyusha.

Kwa watoto wenye pumu ya ngozi (eczema) isiyo kali, utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa 2014 ulionyesha mafuta ya nazi ya njia ya baridi yalifanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Hilo si dogo, kwa familia ambayo kila mwezi inanunua losheni. Lakini ngozi ikiwa inatoa maji, ina usaha au mtoto halali kwa kujikuna, mpeleke hospitali. Tuna bahati Moshi: kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi cha hospitali ya KCMC kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kituo hicho ndicho pia kilichoanza kutengeneza Kilisun, losheni ya jua kwa watu wenye ualbino. Nalitaja kwa sababu kuna watu wanashauri mafuta ya nazi kama kinga ya jua. Kinga yake ni ndogo mno, haifai hata kidogo kwa mwenye ualbino, na jua la miinuko yetu halina huruma. Losheni ya jua, kofia pana, mikono mirefu.

Mwenye chunusi usoni ayaepuke usoni, huziba vinyweleo. Aliyeungua asipake mafuta ya aina yoyote kwenye jeraha bichi: maji safi ya baridi ya kutiririka kwa dakika 20, kisha hospitali kama jeraha ni kubwa. Usiyapake kwenye kitovu cha mtoto mchanga, usimtie puani wala masikioni, hata bibi akisema ndivyo alivyowalea nyote. Kumkanda mwili kwa mikono safi, sawa. Kumnywesha, hapana, chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Na watu wazima wajue kwamba mafuta haya huharibu kondomu za mpira, hupasuka.

Meno

Kusukutua kwa mafuta ya nazi dakika kumi au ishirini ni desturi iliyotoka India. Tafiti ndogo zinaonyesha kwamba utando kwenye meno hupungua kiasi. Ukipenda, fanya, kisha tema kwenye pipa la taka, si kwenye sinki, la sivyo fundi bomba atakula hela yako Julai. Mswaki wako uko palepale.

Lakini kwa Arusha hasa, sikia hili. Wengi waliokulia Maji ya Chai na sehemu nyingine zinazozunguka Mlima Meru wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Rangi hiyo iko ndani ya jino lenyewe, iliingia likiwa bado linaumbika. Mafuta ya nazi hayaitoi, wala yakichanganywa na magadi, mkaa au limau. Magadi na mkaa hulisugua jino likaisha, limau hulila. Mganga wa meno ana njia za kulifunika au kulisafisha bila kuliharibu.

Jikoni

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina kalori kama 120 na gramu karibu 12 za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Vijiko viwili, umemaliza, bado hujagusa nyama choma, maziwa wala chapati. Sasa fikiria anayeambiwa aanze asubuhi kwa vijiko vitatu kwenye kahawa ili apungue tumbo.

Hoja ya kupunguza mwili ilitokana na tafiti za mafuta maalumu ya kiwandani yaliyojaa asidi fupi, zile zinazounguzwa haraka na ini. Kwenye mafuta ya nazi ya kawaida, asidi hizo ni karibu asilimia 15 tu. Kwa upande wa moyo, picha iko wazi zaidi: ukilinganisha na alizeti na mengine yanayofanana nayo, mafuta ya nazi hupandisha LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya. Hupandisha na ile nzuri pia, na wauzaji hutaja hiyo ya pili tu. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani (American Heart Association) lilishauri watu wasiyatumie.

Watetezi hujibu kwa kutaja visiwa vya Pukapuka na Tokelau huko Pasifiki, ambako utafiti wa 1981 ulikuta watu wanaishi kwa nazi na magonjwa ya moyo ni machache. Ni kweli. Ila watu hao walikula nazi yenyewe pamoja na nyuzinyuzi zake, samaki na magimbi, na walifanya kazi za mwili tangu asubuhi. Anayeketi ofisini mjini na kukaanga mihogo kwa mafuta ya nazi hana maisha hayo.

Mimi ninayatumia hivi: alizeti kwa mapishi ya kila siku, nazi pale inapoleta ladha. Tui jepesi kwenye machalari au maharage, likiwa mafuta pekee ya chungu hicho, bila kukaangia vitunguu kwa kikombe kizima cha mafuta mengine kwanza. Kijiko kimoja kwenye mchicha wa familia nzima. Ya njia ya baridi hayapendi moto mkali, hutoa moshi yakifika kwenye nyuzi 175 hivi, kwa hiyo usiyakaangie maandazi.

Mwenye presha, kisukari au historia ya moyo kwenye ukoo asibadili mafuta ya nyumbani kabla ya kupima kolesteroli, pale hospitali ya Mawenzi, KCMC au maabara yoyote anayoiamini, na asiache dawa zake kwa sababu ya chupa. Ukiamua kuyatumia mara kwa mara, pima tena baada ya miezi mitatu ulinganishe namba. Uliza maabara kama wanataka uende bila kula, na kama ndivyo, siku hiyo hata kile kijiko cha asubuhi usikinywe.